Yai Halingoji Baraza

Paukwa!

— Pakawa!

Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma bado mnatafuna mihogo. Mezeni kwanza, nawasubiri. Haya. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Leo nina kazi kidogo kwenu. Katikati ya hadithi nitauliza, "Yai je?" Nanyi mtanijibu, "Halingoji!" Tujaribu. Yai je?

— Halingoji!

Na watu wazima pia. Yule baba pale, nimeutazama mdomo wake, haukutikisika. Yai je?

— Halingoji!

Vizuri. Basi hapo zamani za kale, zamani ambapo mito ilikuwa bado inauliza njia, palikuwa na mti wa mgunga. Chini ya mgunga palikuwa na dimbwi la tope. Juu ya mgunga palikuwa na mji wa minana.

Mnana mnamjua? Ni yule ndege mdogo wa manjano, fundi wa kusuka. Mwashi wa hapa kwetu huanzia chini akapanda juu. Mnana huanzia juu akashuka chini. Hufunga fundo tawini, huvuta uzi, hufunga fundo, huvuta uzi, mpaka kiota kinaning'inia kama kibuyu. Mlango wake uko kwa chini, ili nyoka akija ajikune kichwa.

Na mnana ana mila yake. Mume husuka, mke hukagua. Mke huja, huvuta huku, huvuta kule, huingiza kichwa, hutoa kichwa. Akiridhika huingia. Asiporidhika hukata uzi wa juu, na kiota kizima huanguka. Chubwi! Na mume haruhusiwi kununa. Husuka kingine.

Mambo mawili myashike vizuri. La kwanza, mke wa mnana hatagi ila katika kiota alichokikagua yeye mwenyewe. La pili, kiota cha mnana husukwa kwa nyasi mbichi tu. Nyasi mbichi hujikunja. Nyasi kavu hukatika. Kah! Kwa hiyo mvua zikiisha, kazi imeisha. Asiye na kiota mwaka huo hana mtoto mwaka huo.

Basi siku moja wakaja tembo wawili.

Mmoja akasema, "Tope hili ni langu."

Wa pili akasema, "Tope hili lilikuwa la babu yangu."

Tope lenyewe, wanangu, lingewatosha wote wawili na wajukuu zao. Lakini tembo akishasema "langu" kwa sauti, hawezi tena kuirudisha sauti kooni. Wakarudi nyuma. Wakaja mbele. Gu! Wakarudi nyuma. Wakaja mbele. Gu! Ardhi ikatetemeka. Na mgunga ulikuwa katikati yao.

Watu husema, wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Kweli. Lakini waliokuwa wanakaa juu ya nyasi hakuna aliyewauliza.

Gu! Mgunga ukainama. Gu! Mgunga ukalia, kwaaaa... puu!

Ukalala chini. Viota vyote vikalala chini. Na ndani ya viota mlikuwa na mayai.

Sitaiiga sauti ya mayai. Mnaijua.

Minana wakaruka juu, wakazunguka, wakazunguka, wakiita watoto ambao walikuwa hawajapata hata majina. Hakuna aliyejibu. Tembo wakaendelea na kazi yao. Gu! Gu! Ndipo minana wakaondoka.

Katika msafara ule alikuwemo Bi Mnana mmoja na mume wake. Mayai yao yalibaki chini ya shina. Lakini tumboni mwa Bi Mnana lilikuwa limebaki yai moja, la mwisho wa msimu.

Akamwambia mume wake angani, "Mume wangu, nina yai."

"Najua."

"Litakuja karibuni."

"Najua."

"Na kiota hatuna."

Mume hakusema "najua" mara ya tatu. Akashuka chini kwa kasi, akachuma unyasi mmoja mbichi, mrefu, akaubana mdomoni, akarudi juu. Wakaruka. Yai je?

— Halingoji!

Wakafika bonde la mto. Maji yalikuwa yanapita. Matawi yalikuwa yameinama juu ya maji. Nyasi zilikuwa mbichi kwenye kingo zote mbili. Minana wakatua wote pamoja kama mvua ya manjano, wakasema, "Hodi wenyewe!"

"Karibuni!" wakajibu ndege wa bonde. "Karibuni, karibuni! Mbona mmechoka hivyo? Kimewasibu nini?"

Minana wakaeleza. Ndege wa bonde wakalia. Nawaambia walilia machozi ya kweli. Msije mkadhani ndege wale walikuwa na roho mbaya. Wangekuwa nayo, mngekuwa na hadithi rahisi sana, na mimi ningekuwa nimeshakwenda kulala.

Baraza likaitishwa. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Korongo. Pale ukingoni palikuwa na kisima kidogo cha maji ya kina kifupi, kimejaa nyasi mbichi. Hapo ndipo alipokuwa akisimama. Mguu mmoja ndani ya maji, mguu mwingine ameukunja tumboni. Na mila ya baraza ilikuwa hii: jambo lolote halijakatwa mpaka Mzee Korongo ashushe ule mguu uliokunjwa. Guu la Korongo likishuka, neno limepita. Guu likiwa juu, wote wanangoja.

"Kwanza," akasema Mzee Korongo, "wageni wale chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leteni mlicho nacho."

Kila mmoja akakimbilia kwake. Kila mmoja akaleta kile anachokipenda mwenyewe. Mdiria, mvuvi wa mtoni, akaleta samaki. Samaki alikuwa mkubwa kuliko Bi Mnana. Kunguru akaleta utumbo wa mbuzi, wa juzi. Mzee Korongo mwenyewe akatoa chura, bado anapiga mateke.

Bi Mnana akamtazama chura. Chura akamtazama Bi Mnana.

"Asante sana, Mzee," akasema Bi Mnana.

Chura naye akasema asante kwa namna yake. Pyuu! Huyo, mtoni.

Kanga, yule wa madoadoa, akasema, "Mimi chakula nimemaliza, bibie. Lakini nina vumbi zuri. Njoo chini, chimba, oga vumbi, lala. Utasahau dunia."

"Asante, jirani," akasema Bi Mnana, ambaye hajawahi kulala chini tangu azaliwe.

Mwisho akaja Yangeyange. Huyu ni mweupe pee, kama aliyetoka kufuliwa. Kazi yake ni kupanda mgongoni mwa tembo. Yeye akaleta panzi. Panzi wanono! Minana wanakula panzi. Wakala, wakala.

"Mungu akubariki, Yangeyange," wakasema. "Wewe tu ndiye umetujua."

Yangeyange akainamisha kichwa. "Nawahurumia sana," akasema.

Panzi hao tuwaweke akiba. Tutarudi kwao.

Walipokwisha kula, mume wa Bi Mnana akasogea mbele. Ule unyasi wake alikuwa bado anao. Akautoa mdomoni, akaukanyaga usipeperuke, akasema, "Wazee wa bonde, tumeshukuru. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe letu ni unyasi mbichi. Tunaomba ruhusa tuchume, tusuke. Kina mama wetu wana mayai."

Ndege wa bonde wakatazamana.

Kunguru akakohoa. "Kra! Nina neno, mwenyekiti. Kula, wale. Kulala, walale. Lakini kusuka? Anayesuka haondoki. Leo kiota, kesho viota, keshokutwa mimi ndiye nitakayepiga hodi hapa."

"Lakini jirani..." akaanza Kanga.

"Wewe nyamaza, huna hata tawi!"

"Sina," akakubali Kanga. "Basi kwa nini wasiende mlimani? Ndege wa mlimani wana matawi mengi."

"Ndege wa mlimani wamesema waje bondeni," akasema Mdiria. "Nilikutana nao asubuhi."

Wote wakamgeukia Mzee Korongo. Mzee Korongo akafikiri. Akaushusha mguu kidogo. Ndege wote wakashusha pumzi. Akaukunja tena.

"Jambo hili ni zito," akasema. "Tutalitazama. Mpaka hapo, asichume mtu nyasi."

Jua likapita. Siku zikapita. Mvua ikanyesha kidogo, kisha kidogo zaidi. Mume wa Bi Mnana alikaa juu ya kijiti, unyasi wake mdomoni, akilitazama guu la Korongo. Guu lilikuwa juu. Ncha ya unyasi ikaanza kugeuka rangi. Yai je?

— Halingoji!

Sasa pale bondeni alikuwepo Hondohondo. Mdomo mkubwa, moyo mkubwa. Aliposikia kwamba kina mama wa minana wanalala kwenye vijiti vitupu, usingizi ulimkimbia. Akawaendea.

"Kina mama," akasema, "mwewe yuko. Nyoka yuko. Mvua ipo. Mimi nina mti wa mkuyu, mnene, una matundu ndani. Njooni mkae kwangu. Sitaki chochote."

Kina mama wakaingia. Walikuwa wamechoka. Bi Mnana naye akaingia. Ndani palikuwa pakavu. Palikuwa na joto. Akafumba macho.

Akasikia, pa! Pa! Pa!

Akafumbua macho. Giza! Hondohondo yuko nje, anapiga udongo mlangoni kwa ule mdomo wake mpana, kama fundi anayesiliba ukuta. Pa! Pa! Akaacha ufa mwembamba tu, wa kupitisha mdomo.

"Bwana Hondohondo!" akaita Bi Mnana. "Unafanya nini?"

"Usiogope, shemeji," ikaja sauti tamu kutoka nje. "Ndivyo kwetu tunavyopenda. Mke wangu yupo katika tundu la jirani yako, naye amezibwa vivyo hivyo. Anaatamia, mimi namletea chakula. Hapatwi na jua wala mwewe. Tulia. Nitakuletea kuyu."

Na kweli alileta. Kutwa nzima, tundu hili na tundu lile, kuyu moja hapa, kuyu moja pale, mpaka mabawa yakamuuma. Kuyu lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha Bi Mnana. Alilidonoa kwa adabu.

Kisha akajaribu kuudonoa udongo. Udongo ulikuwa umekauka kama chungu. Na mdomo wa mnana, wanangu, ni sindano, si nyundo.

Nje akamsikia mume wake. "Mke wangu! Uko salama?"

"Niko salama," akajibu. "Yai haliko salama. Linakuja, halina pa kufikia."

"Guu bado liko juu."

"Unyasi wako?"

Mume akautoa mdomoni, akautazama. "Manjano yamefika katikati."

Bi Mnana akalia. Akalia polepole, maana mgeni halii kwa sauti katika nyumba ya mtu. Lakini ukuta wa mkuyu pale ulikuwa mwembamba. Upande wa pili akaitika Bi Hondohondo.

"Jirani? Unalia nini, mwenzangu? Mume wangu amesahau kukuletea kuyu?"

"Hapana, dada. Mume wako hasahau."

"Sasa?"

"Nina yai."

"Basi taga! Giza hili ni zuri kwa kutaga. Mimi nataga gizani kila mwaka."

Bi Mnana akafikiri. Kisha akauliza, "Dada, mlango wako nani aliuziba?"

Bi Hondohondo akacheka. "Swali gani hilo? Mimi mwenyewe. Mume wangu hunipitishia udongo, mimi nasiliba kwa ndani. Mlango wa mwanamke anauziba mwanamke."

"Na ukitaka kutoka?"

"Nagonga, nautoboa, natoka. Ni udongo wangu."

"Wangu," akasema Bi Mnana, "umezibwa kwa nje."

Bi Hondohondo akaacha kucheka.

"Kwa nje?"

"Kwa nje."

"Na hao wenzio?"

"Wote, kwa nje."

Mara Bi Mnana akasikia kitu upande wa pili. Ko! Ko! Ko! Ko-ko-ko! Udongo ukadondoka.

Sasa lazima niwaambie jambo. Bi Hondohondo akijifungia kuatamia, manyoya yake ya mabawa hunyonyoka yote. Anakaa ndani bila hata la kuruka, mpaka yaote mengine. Hakuna hondohondo wa kike aliyewahi kutoka kabla ya wakati. Ni aibu. Ni hatari pia. Lakini akatoka. Alitoka hivyohivyo, kipara cha mabawa, mgongo wazi, akatambaa juu ya tawi lililoelekea kisimani, akasimama mbele ya baraza zima.

Kunguru akaanza, "Kra kra, tazameni kuku wa kuchom..."

"Wewe nyamaza," akasema Bi Hondohondo. "Mayai yangu yanapoa, nitasema kwa kifupi. Mume wangu!"

Hondohondo alikuwa ndiyo kwanza anarudi, kuyu mdomoni. Alipomwona mke wake pale nje, kuyu likaanguka.

"Mke wangu! Umefanya nini? Utapata baridi!"

"Kwetu, mlango nani huuziba?"

"Mke."

"Akiwa upande gani?"

"Ndani."

"Hawa je?"

Hondohondo akautazama mkuyu wake. Akaziona zile nyufa, na katika kila ufa kidomo kidogo. Kwa mara ya kwanza akazitazama.

"Nilidhani ni wema," akasema.

"Ni wema, mume wangu. Nakujua. Lakini wema wako umekaa upande usio wake wa mlango. Aliyejifungia yuko nyumbani. Aliyefungiwa yuko kifungoni. Udongo ni uleule."

Akarudi ndani mbio kwa miguu, kabla mayai hayajapoa, akiita, "Niletee udongo mbichi! Na wafungulie wenzangu!"

Hondohondo hakungoja guu la mtu. Akainua ule mdomo. Kwa! Kwa! Kwa! Milango ikapasuka. Minana wa kike wakatoka mmoja mmoja, wakipepesa macho kwa mwanga. Bi Mnana alitoka wa mwisho, tumbo zito. Hondohondo akainama mbele yake mpaka mdomo ukagusa tawi.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuwa sijauliza. Mnataka nini?"

Mnajua, wanangu, tangu minana wafike bondeni, hilo lilikuwa halijaulizwa.

"Nyasi mbichi," akasema Bi Mnana. "Na tawi lililoinama juu ya maji."

"Chukueni matawi yangu!"

"Asante. Lakini sisi tu wengi, na kiota kikilowa kinalemea. Tukining'inia wote kwako, tawi litakatika, na wewe utatuchukia. Tupate tawi moja kwako, na moja kwa mwingine, na moja kwa mwingine."

Basi hapo ndege wakaanza kutazama miguu yao. Kila mmoja akaona miguu yake ina jambo la kupendeza siku ile.

Mdiria akasema, "Mimi nina tawi moja tu, ninalovulia." Akafikiri. "Lakini mimi hukaa hapa katikati. Ncha siitumii. Ncha ni yenu."

Kanga akasema, "Mimi kweli sina tawi. Lakini niko chini, na nyoka huanzia chini. Nikimwona nitapiga kelele. Kelele ninazo."

"Hizo unazo," wakakubali wote, na kwa mara ya kwanza watu wakacheka pale bondeni.

Kunguru akasema, "Kra! Jambo hili silo langu." Akaruka akaenda zake. Wapo wa namna hiyo. Hata leo.

Ndipo Bi Mnana akamgeukia Yangeyange. "Kaka, nina swali. Wale panzi wanono uliotuletea, uliwatoa wapi?"

"Kwenye nyasi," akasema Yangeyange. "Tembo wakikanyaga, panzi wanaruka. Mimi nadaka."

"Nyasi za wapi?"

Yangeyange akatazama mbali. "Pale... kwenye ule mgunga ulioanguka."

Minana walikuwa wamelishwa panzi wa kwao.

"Siku hizi wako wengi," akaongeza Yangeyange, taratibu. "Wakipigana wanakuwa wengi."

"Ulitulisha tukiwa na njaa, na tumeshukuru," akasema Bi Mnana. "Lakini wewe hukaa mgongoni mwao. Sikio la tembo liko karibu nawe kuliko na ndege yeyote duniani. Umewahi kusema neno humo?"

Yangeyange akajikunyata. Ule weupe wake ulimwelemea.

Basi minana nao hawakungoja guu, wakachuma. Wakachuma nyasi mbichi zilizobaki kingoni, hazikuwa nyingi. Ncha ya tawi la Mdiria akaipata mume wa Bi Mnana. Akafunga fundo, akavuta uzi. Akafunga fundo, akavuta uzi. Imbeni naye!

*Fundo juu, uzi chini,*
*Mama yuko njiani.*
*Fundo chini, uzi juu,*
*Mwana yuko tumboni.*

Kiota kikatimia. Bi Mnana akaja. Bonde zima likamtazama. Akavuta huku. Akavuta kule. Akaingiza kichwa. Akatoa kichwa.

Akakata uzi wa juu. Chubwi!

"Yoooh!" wakalia ndege wote. Hondohondo alijishika mdomo. "Shemeji! Baada ya taabu yote hii?"

"Mlango ulitazama upepo," akasema Bi Mnana. "Mtoto angeugua."

"Hata mimi niliuona," akasema mume wake, bila kununa. Akageuka achume nyasi nyingine.

Hazikuwepo. Ukingo wa huku, manjano. Ukingo wa kule, manjano. Akaushika mmoja, kah! Akaushika mwingine, kah! Hata ule wake wa safari ulikuwa umekauka, ukavunjika mdomoni. Bi Mnana akashika tawi kwa kucha zote, macho ameyafumba. Yai je?

— Halingoji!

Mume akatazama bonde lote. Palikuwa na mahali pamoja tu palipobaki kijani. Ni kile kisima cha Mzee Korongo. Hapo hapachumwi, maana ni kiti cha baraza. Na Mzee Korongo alikuwa amesimama palepale, mguu mmoja majini, mguu mmoja tumboni, bado analitazama jambo.

Mnana akatua mbele yake. Alikuwa mdogo kama kidole cha mguu ule.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Jambo lenu ninalitazama. Ni zito."

"Najua, Mzee. Lakini nyasi mbichi zilizobaki ulimwenguni umezisimamia wewe."

Mzee Korongo akatazama chini. Alikuwa na shingo ndefu, ikamchukua muda kufika. Akaona nyasi mbichi zimelala chini ya unyayo wake. Akainua kichwa. Akamwona Bi Mnana kwenye ncha ya tawi, anatetemeka.

Hata mto ulipunguza sauti.

Mzee Korongo akakunjua lile guu. Akalinyoosha mbele, polepole, nje ya kisima, kwenye matope makavu ambako mwenyekiti hajawahi kukanyaga. Akalishusha. Tap.

Kisha akautoa na ule mwingine. Kiti cha baraza kikabaki kitupu.

"Chuma, mwanangu," akasema. "Chuma upesi."

Akachuma! Fundo, uzi. Fundo, uzi. Mdiria akashika tawi lisiyumbe. Hondohondo akatandaza bawa kuzuia upepo. Mlango ukageukia maji. Bi Mnana akaja, akavuta huku, hakuvuta kule. Akaingia.

Tukangoja... Msinitazame hivyo, na mimi nilikuwa sijui.

Kutoka ndani ikaja sauti ndogo. "Limefika."

Kanga alipiga kelele mpaka nyoka akahama bonde bila kuonekana.

Na wengine je? Minana wengine walipata matawi, mengine yalikuja upesi, mengine yalichelewa. Wapo walioatamia mwaka ule, na wapo waliokosa. Siwezi kuwadanganya. Yai la Bi Mnana lilianguliwa. Na tembo? Yangeyange alikwenda. Alipanda mgongoni, akasogea mpaka sikioni, akasema neno. Tembo mmoja alitikisa sikio kama anayefukuza nzi. Wa pili alisimama kidogo. Kidogo tu. Yangeyange akarudi tena kesho yake. Anarudi mpaka leo, ndiyo maana mkimwona yangeyange kwenye mgongo wa tembo, msidhani kila mara anatafuta panzi.

Siku kifaranga alipoota manyoya alimwuliza mama yake, "Mama, kwetu wapi?"

Bi Mnana akasema, "Kwetu ni pale penye mgunga. Tope likipoa tutakwenda kuutazama. Lakini wewe ulianguliwa kwenye ncha ya tawi la mvuvi, kwa nyasi za kiti cha Mzee Korongo. Hapo pia usipasahau."

Haya, wanangu, na ninyi wazazi wao. Fundisho ni hili. Aliyekimbia vita usimfungie kwa wema, wala usimpe unachokipenda wewe. Muulize, kisha umwache ashike jembe lake. Mzigo wake si wa tawi moja, ni wa msitu mzima. Na anayekaa karibu na sikio la wanaopigana, aseme.

Hadithi yangu nimeifunga fundo hapa. Anayeona mlango wake unatazama upepo, akate uzi, asuke yake. Nyasi bado mbichi.